PyMOL na ChimeraX kwenye kazi ya kubadilisha asidi amino: zinachojibu na zisichojibu

Kazi yenyewe inaonekana ndogo. Unafungua muundo wa protini kwenye programu ya kuonyesha molekuli, kama PyMOL au ChimeraX, unachagua asidi amino moja (kimojawapo cha vipande vinavyoijenga protini), unaitoa na kuweka nyingine mahali pake. PyMOL ina kifaa chake kwa kazi hii, kiko kwenye menyu ya Wizard kwa jina la Mutagenesis. ChimeraX ina amri ya swapaa na dirisha la Rotamers. Mimi ni mwalimu wa baiokemia, na hizi ndizo programu mbili ninazozifungua mwanafunzi anapokuja na badiliko alilolisoma mahali na kuniuliza, "Mwalimu, hili litaharibu protini?" Nazipenda zote mbili na nitaeleza kwa nini. Lakini swali hilo la mwanafunzi hakuna hata moja kati yao inayolijibu, na anayezitumia bila kujua hivyo anaweza kutoka na picha nzuri yenye tafsiri isiyo sahihi.

Kipimo changu ni hemoglobini ya binadamu, faili 2HHB la benki ya miundo ya PDB. Ni hemoglobini isiyobeba oksijeni, iliyopimwa kwa eksirei kwa ukali wa picha wa angstromu 1.74. Ina minyororo minne: A na C ni alfa, yenye asidi amino 141 kila mmoja, B na D ni beta, yenye 146. Badiliko ninalolifanya ni lile la selimundu: nafasi ya 6 kwenye mnyororo wa beta, glutamati inatoka, valini inaingia. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti na ya watu wengine, kisha miaka ya 1956 na 1957 Vernon Ingram akaonyesha kwamba tofauti yote imetokana na asidi amino moja tu. Nimelichagua kwa sababu jibu lake linajulikana tangu zamani, hivyo programu ndiyo inayopimwa.

Kabla ya kubofya chochote, kuna mtego wa namba. Kwenye ripoti za vinasaba badiliko hili huandikwa kuwa liko nafasi ya 7, kwa sababu hesabu ya huko huanza na methionini ya mwanzo ambayo seli huiondoa. Kwenye faili la 2HHB hesabu inaanza na valini iliyobaki mbele, kwa hiyo ni nafasi ya 6. Kwa kawaida kosa la namba moja hujitambulisha lenyewe, maana unakuta asidi amino ambayo hukuitarajia. Hapa halijitambulishi: nafasi ya 6 ni glutamati na nafasi ya 7 nayo ni glutamati. Utabadilisha ya 7, programu itakubali bila neno, na picha itapendeza. Ndiyo maana nasisitiza kwanza kuonyesha mfuatano wa herufi na kusoma majirani: valini, histidini, leusini, threonini, prolini, glutamati, glutamati, lisini. Prolini ikiwa jirani wa nyuma, umefika penyewe.

Tuanze na PyMOL. Warren DeLano aliitoa mwaka 2000, na baada ya kifo chake mwaka 2009 kampuni ya Schrödinger ikaichukua. Unafungua Mutagenesis, unabofya glutamati ya 6 kwenye mnyororo wa B, unachagua VAL kwenye orodha iliyo upande wa kulia, na valini inatokea papo hapo juu ya ile ya zamani. Kwa mishale unapita rotama moja baada ya nyingine. Rotama ni mikao ambayo mnyororo wa pembeni wa asidi amino, yaani sehemu inayochomoza kutoka kwenye uti wa protini, hupenda kukaa, na haikubuniwa na mtu: imekusanywa kutoka miundo halisi ya protini. Maktaba yenyewe ni kazi ya Roland Dunbrack, aliyoanza kuijenga na Martin Karplus mwanzoni mwa miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba inazingatia umbo la uti wa protini mahali pale ulipo. Mkao ambao ni wa kawaida kwenye heliksi (uti uliojisokota kama springi) unaweza kuwa adimu kwenye ubapa wa beta (vipande vya uti vilivyonyooka na kupangwa bega kwa bega). Valini ina mikao mitatu tu, unaimaliza kwa muda mfupi. Lisini na arjinini zina pembe nne za kuzungusha, na kila pembe ikiwa na nafasi tatu, hesabu tupu inakupa 81, ingawa nyingi hazitokei kwa kiasi cha kujali.

Kinachoipa PyMOL nafasi ya kwanza darasani ni visahani vyake. Kila mahali ambapo atomu mpya inakaribia atomu jirani kupita kiasi, kisahani kinatokea kati yao. Kidogo cha kijani maana yake zimegusana au zimepishana kidogo sana. Kikubwa chekundu maana yake zimeingiliana. Hakuna maelezo yanayohitajika zaidi ya hapo. Mtu ambaye hajawahi kuona muundo wa protini anaelewa mara moja kwamba atomu zinahitaji nafasi, na kwamba mkao mmoja wa valini unaweza kukaa raha ilhali mwingine unabanana. Nimefundisha dhana hii kwa ubao, kwa vitabu na kwa vipande vya plastiki, na hakuna kilichofika karibu na visahani hivi.

Udhaifu wa PyMOL uko kwenye uamuzi na kumbukumbu. Unaona rotama moja kwa wakati mmoja, hivyo kulinganisha ya pili na ya saba kunategemea macho na kumbukumbu yako. Ukishabonyeza Apply, faili linalobaki halielezi ulichagua mkao wa ngapi wala kwa sababu gani. Njia ya kujilinda ni kuacha kubofya na kuandika amri: cmd.wizard("mutagenesis"), kisha cmd.get_wizard().set_mode("VAL"), kisha do_select kwa nafasi unayotaka, cmd.frame kwa rotama uliyoichagua, na apply. Mistari hiyo michache ukiihifadhi pembeni ya faili, mtu mwingine anaweza kurudia ulichofanya. Jambo jingine la kukagua ni mikao mbadala. Miundo yenye picha kali mara nyingi huwa na asidi amino zilizoandikwa mara mbili, mkao A na mkao B, na Mutagenesis haipatani nazo. Zisafishe kwanza kwa amri ya remove, ubaki na mkao mmoja, ndipo ubadilishe.

ChimeraX inatoka Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na ndiyo iliyorithi nafasi ya Chimera ya zamani. Hapa kazi nzima ni mstari mmoja: swapaa /B:6 val. Usipoipa maelekezo mengine, programu yenyewe inachagua rotama kwa vigezo vinavyofuatana. Kama umefungua ramani ya wingu la elektroni, inaanza na jinsi mkao unavyolingana na ramani; kisha migongano; kisha vifungo vya hidrojeni; na mwisho uwezekano wa mkao wenyewe kwenye maktaba. Huo mpangilio una busara. Mkao maarufu sana unaogonga jirani hauna faida, na mkao usio maarufu unaofunga vifungo viwili vya hidrojeni unastahili kuangaliwa.

Ukitaka kuamua mwenyewe, unaandika swapaa interactive na dirisha la rotama linafunguka. Mikao yote inatokea kwenye skrini kwa pamoja kama vijiti vyembamba, na pembeni kuna jedwali lenye pembe na uwezekano wa kila mmoja. Unaweza kuongeza safu ya migongano na safu ya vifungo vya hidrojeni, ukapanga jedwali kwa safu unayoijali. Nikibadilisha nafasi ileile ya 6 kuwa lisini, ambalo ndilo badiliko la hemoglobini C, hapa ndipo tofauti ya programu hizi mbili inapojitokeza wazi. Lisini ni ndefu na ina mikao mingi. Kwenye PyMOL napita mishale mpaka nasahau nilikotoka. Kwenye ChimeraX naona shada zima la mikao likielea nje kwenye maji, nafahamu mara moja kwamba hakuna mmoja wenye haki ya kuitwa jibu, na hilo lenyewe ni taarifa. Zaidi ya hayo, kila unachokibofya kinaandikwa kwenye daftari la programu kama amri. Kwa kazi ya utafiti nachukua ChimeraX bila kusita.

Sasa turudi kwa valini ya nafasi ya 6, maana hapo ndipo penye somo. Ukiiweka kwenye 2HHB hupati kizuizi cha maana. Nafasi hiyo iko juu ya uso wa protini, inatazama nje, na valini ni fupi kuliko glutamati. Hakuna ukuta wa kugonga. Kwa kipimo cha visahani na migongano, hili ni badiliko lisilo na neno. Nalo ni badiliko lililosababisha maumivu, upungufu wa damu na vifo vya watu wasiohesabika.

Programu haijakosea. Imeulizwa kama valini inaenea, ikajibu kwamba inaenea. Madhara ya selimundu hayamo ndani ya molekuli moja. Yanatokea molekuli mbili zinapokutana. Glutamati ina chaji na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakwepa. Hemoglobini inapoachia oksijeni, valini ya molekuli moja inaingia kwenye kijishimo kinachokwepa maji juu ya mnyororo wa beta wa molekuli nyingine, kati ya fenilalanini ya 85 na leusini ya 88. Kisha ya tatu inafuata, na ya nne, mpaka nyuzi ndefu zinaikunja chembe nyekundu ya damu. Faili la 2HHB lina molekuli moja ya hemoglobini, kwa hiyo jirani huyo hayupo kwenye skrini, na programu haiwezi kupima mgusano na kitu ambacho hakipo.

Ukitaka kumwona, fungua 2HBS. Huo ni muundo halisi wa hemoglobini ya selimundu, uliochapishwa mwaka 1997, na ndani yake kuna molekuli mbili kamili zilizogusana kama zinavyogusana kwenye uzi. Onyesha 6, 85 na 88 za minyororo ya beta kwa vijiti, zima vingine vyote, na utaiona valini imetulia kwenye kijishimo chake. Utaona pia jambo ambalo michoro mingi ya vitabuni inaliruka: kila molekuli ina valini mbili za namna hiyo, moja kwa kila beta, lakini kwenye mgusano huu wa pembeni inashiriki moja tu. Linganisha na valini uliyoiweka kwa mkono kwenye 2HHB. Umbo lake linafanana. Kilichokosekana ni mwenzake.

Mfano wa pili naupenda kwa sababu unakwenda upande mwingine. Lisozaimu, kimeng'enya cha kirusi kiitwacho T4, ina asidi amino 164 na imebadilishwa na kupimwa pengine kuliko protini nyingine yoyote, hasa kwenye maabara ya Brian Matthews, Chuo Kikuu cha Oregon. Chukua faili 2LZM, nenda leusini ya 99, iweke kuwa alanini. Hakuna rotama za kuchagua, alanini haina mnyororo wa kuzungusha. Hakuna mgongano unaoweza kuongezeka, maana umeondoa atomu tatu za kaboni na hukuongeza chochote. Skrini iko safi kabisa. Kwenye maabara, badiliko hilohilo linaipunguzia protini uthabiti kwa takriban kilokalori 5 kwa moli, ambazo ni nyingi sana kwa protini ndogo, na linaacha uwazi ndani ya kiini chake wenye ukubwa wa kutosha kuikaribisha molekuli ya benzeni. Faili 181L linaionyesha benzeni imekaa humo. Programu zetu zinahesabu kinachobanana. Kilichobaki wazi, vifaa hivi vya kubadilisha asidi amino havikionyeshi, na kwenye kiini cha protini uwazi una gharama sawa na msongamano.

Upande wa msongamano nao una tahadhari yake. Ukiweka triptofani mahali pa alanini iliyofukiwa ndani, visahani vyekundu vitajaa kwenye kila rotama. Ni kweli kwamba pana shida, lakini ukubwa wake huwezi kuusoma hapo, kwa sababu programu zote mbili zimeugandisha uti wa protini na majirani wote. Ni sawa na kujaribu kuingiza kabati kwenye chumba ambacho hata viti haviruhusiwi kusogezwa. Protini halisi husogea: heliksi inateleza kidogo, mnyororo wa jirani unageuka, na mara nyingine nafasi inapatikana. Kwa hiyo kisahani kikubwa chekundu nakisoma kama onyo la kuchunguza zaidi, na visahani vingi kwenye rotama zote navisoma kama onyo zito. Hukumu siitoi hapo.

Prolini ndiyo ninayowakataza wanafunzi kuiingiza kwa kifaa hiki peke yake. Pete yake imefungwa kwenye uti wenyewe, na nitrojeni yake haina hidrojeni ya kutoa kwa kifungo. Katikati ya heliksi hilo linavunja kifungo kimoja na kuusukuma uti upinde. Programu itaiweka hapo kwa heshima zote huku heliksi ikibaki imenyooka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa swali la uthabiti, chombo chake ni kingine, na kati ya nilivyotumia FoldX ndicho kinachofaa kuanzia. Kilikuzwa na kundi la Luis Serrano. Unaurekebisha muundo kwanza kwa RepairPDB, kisha BuildModel inasoma orodha ya mabadiliko kutoka faili dogo la maandishi. Kwa selimundu mstari wake ni EB6V,ED6V; pamoja na nuktamkato hiyo ya mwisho. Yaani herufi ya zamani, mnyororo, namba, herufi mpya, na beta zote mbili zikabadilishwa pamoja. Jibu linakuja kwa kilokalori kwa moli, na namba chanya maana yake uthabiti umepungua. Tofauti iliyo chini ya kilokalori 1 siipi uzito wowote, na ningependa watu wengi zaidi wafanye hivyo kabla ya kuandika kwamba badiliko fulani "linadhoofisha" protini. Tena hata FoldX haitakuambia kuhusu nyuzi za selimundu ukiipa molekuli moja. Rosetta, programu nyingine ya kazi hii, inakwenda mbali zaidi kwa kuruhusu uti kusogea kidogo, ila inadai muda wa kompyuta na uvumilivu wa kujifunza.

Wengi sasa wananiuliza kwa nini wasiandike mfuatano wenye badiliko na kuupeleka AlphaFold, programu inayokisia umbo la protini kutokana na mfuatano wake, moja kwa moja. AlphaFold ni kazi kubwa, na Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2024 waliyopewa Demis Hassabis na John Jumper pamoja na David Baker wa Rosetta ilistahili. Lakini haikujengwa kupima athari ya asidi amino moja, na mara nyingi inarudisha umbo lilelile la awali hata pale badiliko linapojulikana kuharibu. Ukiwa huna muundo wa maabara, chukua muundo wa AlphaFold kama mahali pa kuanzia, angalia kiwango cha uhakika kwenye nafasi yako, kisha fanya badiliko kwa swapaa. Pale uhakika ulipo mdogo, usihesabu visahani kabisa.

Leseni zinahitaji kusomwa. ChimeraX ni bure kwa matumizi yasiyo ya biashara. PyMOL ina sura tatu: toleo la kulipia, toleo la elimu kwa walimu na wanafunzi ambalo ni la kufundishia wala halikusudiwi utafiti, na toleo la chanzo huria ambalo unaweza kulipata kupitia conda, chombo cha kusakinisha programu. Kifaa cha Mutagenesis kimo kwenye toleo huria pia, kwa hiyo anayefanya utafiti bila leseni ana njia halali. Mwenye ramani ya elektroni mkononi na anayejenga muundo wake mwenyewe aende Coot, ambako badiliko na upangaji wa mkao kwenye ramani hufanyika kwa hatua moja.

Kama ningepewa nafasi ya kuomba jambo moja kwa wanaotengeneza programu hizi, ningeomba rangi ya pili. Nyekundu ibaki kwa atomu zilizobanana, na rangi nyingine ijaze mahali ambapo badiliko limeacha uwazi uliofukiwa. Njia za kupima mashimo ndani ya protini zipo, na ChimeraX tayari ina vifaa vya kuhesabu nyuso na ujazo. Leusini ya 99 ingewaka kwenye skrini mara tu unapoigeuza alanini, na mwanafunzi angeuliza mwenyewe kuna nini pale.